Dawa Njema Nayo Yataka Hadhari

Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 Serikali ya Misri ilipambana na kichocho kwa kuwadunga wananchi sindano za dawa mishipani. Nia ilikuwa njema, kwani kichocho kiliwatesa mno wakulima wa bonde la mto Naili. Lakini sindano moja ilipita kwa watu wengi bila kuchemshwa ipasavyo. Kwa njia hiyo virusi vya homa ya ini aina ya C, ambavyo havikuwa vimejulikana bado, vilienea kimya kimya vijijini. Vilipogunduliwa mwaka 1989, Misri ilijikuta miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani.

Tiba ya awali ilikuwa sindano za interferoni, zilizochomwa kwa miezi mingi na kuwaletea wagonjwa homa na huzuni nzito. Mwaka 1998 ikaongezwa ribavirini. Dawa hiyo huweza kudhuru mimba. Kwa hiyo, awe mgonjwa ni mke au mume, wote wawili hutakiwa kuzuia mimba wakati wa tiba na kwa miezi isiyopungua sita baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 2013 vikaja vidonge vya sofosbuviri. Vikitumiwa pamoja na dawa nyingine, kwa kawaida kwa wiki 12, huponya zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi. Misri ilianza kuvitumia mwaka 2014.

Je, hadhari imekwisha? La hasha! Machi 2015 wakuu wa dawa wa Marekani walionya kuwa sofosbuviri ikikutana na amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, moyo huweza kupunguza mwendo kwa hatari. Oktoba 2016 walitoa onyo jingine. Wagonjwa 24 walikuwa pia na virusi vya aina ya B, navyo viliamka wakati wakitibiwa aina ya C. Wawili walikufa, na mmoja akabadilishiwa ini. Ndiyo maana damu hupimwa aina ya B kwanza.

Nayo rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguzia sofosbuviri nguvu. Basi mgonjwa amtajie daktari kila anachotumia, hata mitishamba, wala asikatize vidonge kwa sababu amepata nafuu.

Wanavijiji wa Misri hawakujua la kuuliza kuhusu sindano ile. Sisi tunajua. Tuulize kabla ya kumeza.