Masharti ya Leseni Huria na Safari Yake hadi Mahakamani

Leseni huria, yaani hati ambayo kwayo mwenye hakimiliki huruhusu watu wote kutumia, kunakili na kurekebisha programu yake kwa masharti aliyoyaweka, ilipata mfano wake mashuhuri zaidi mwaka 1989, pale Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alipotoa toleo la kwanza la leseni ya GPL. Leseni hiyo ilimruhusu mtu hata kuiuza programu, ilimradi kila aliyeipokea apate pia msimbo chanzo, yaani maandishi yanayosomeka na kurekebishika na binadamu, na apewe haki zilezile. Mwaka 1992 Linus Torvalds aliuweka mfumo endeshi wake wa Linux chini ya leseni hiyo, na kwa kuwa Linux haikuwa na ada, watengenezaji wa vifaa wakaipokea kwa wingi, ingawa si wote waliosoma masharti yake.

Mfano ni ruta ya kampuni ya Linksys iitwayo WRT54G, kisanduku cha buluu na cheusi chenye antena mbili cha kuunganisha vifaa na mtandao, ambayo ilikuwa ikiendeshwa na Linux bila wanunuzi kupewa msimbo chanzo. Mwaka 2003 wanaprogramu waliligundua jambo hilo na kuudai msimbo huo, nao ulipotolewa mwaka huohuo, ukawa chimbuko la OpenWrt, mfumo ambao hadi leo huwekwa katika ruta za aina nyingi.

Nchini Ujerumani, Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, sehemu ya Linux inayochuja data za mtandao, aliishtaki kampuni ya Sitecom kwa kuisambaza bila kufuata masharti ya GPL, na mwaka 2004 mahakama ya Munich ikaizuia kusambaza programu hiyo, kwa hoja kwamba anayevunja masharti hupoteza ruhusa yenyewe na kubaki mkiukaji wa hakimiliki. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Jacobsen, mwandishi wa programu ya kuongozea treni za mfano, dhidi ya Katzer, iliamua kwamba hata sharti la kutaja majina ya waandishi na kuonyesha mabadiliko yaliyofanywa hulindwa na sheria ya hakimiliki, ijapokuwa mwandishi hakudai malipo. Kwa hukumu hizo ilithibitika kwamba msimbo unaotolewa bure si mali isiyo na mwenyewe.