Anayelipa na Anayesikiliza: Opera, Ngoma na Siasa katika Historia

Makada wengi wakisikia neno "opera" hudhani ni starehe ya mabwanyenye wa Ulaya, isiyowahusu wakulima wa Dumila wala Kilosa. Nusu ya dhana hiyo ni kweli. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, na ilizaliwa katika majumba ya makabaila wa Italia. Mchezo wa Monteverdi uitwao L'Orfeo ulionyeshwa mjini Mantua mwaka 1607 mbele ya watu wa jumba la mtawala. Lakini swali lililoiandama opera kwa karne 3 ndilo lililoiandama taarabu ya Unguja, beni ya pwani na ngonjera za shule zetu. Nani anamlipa mwimbaji, na nani anamsikiliza? Pale ambapo watu hawa wawili ni wa tabaka moja, wimbo huwa pambo tu. Wanapokuwa wa matabaka mawili, hapo ndipo siasa inapoanza.

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alilielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1672 alimkabidhi mtunzi wake, Lully, haki ya peke yake ya kuendesha opera mjini Paris, na michezo yake kwa kawaida ilitanguliwa na sehemu ya kumtukuza mfalme. Ilikuwa njia rahisi ya kutawala, kwa kuwa mwenye kibali alikuwa mmoja na koo lilikuwa moja. Hata hivyo, tangu mwaka 1637 kule Venice palikuwa pamefunguliwa ukumbi wa opera wa kulipia kiingilio. Kiingilio kilileta ndani wafanyabiashara na watu wengine wasiokula kwenye meza ya mfalme. Msingi wa uchumi wa sanaa ukabadilika, na hadithi zikaanza kubadilika nao. Mwaka 1786 Mozart alionyesha mjini Vienna mchezo ambamo mtumishi Figaro anamshinda akili bwana wake anayemtamani mchumba wake. Maneno makali zaidi ya hadithi hiyo yalikuwa yamepunguzwa, maana mwaka mmoja kabla Kaisari Joseph wa Pili alikuwa amezuia isichezwe kama mchezo wa kawaida.

Mfano ambao wanafunzi wa siasa hupenda kuutaja ni wa Brussels. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1830, katika siku za sherehe za kumwadhimisha Mfalme William wa Uholanzi, ilionyeshwa opera ya Mfaransa Auber juu ya wavuvi wa Naples walioasi utawala wa Kihispania. Watazamaji walitoka ukumbini wakaingia mitaani, na kabla mwaka haujaisha Ubelgiji ilikuwa imejitenga na Uholanzi. Lakini tusidanganyike kwamba wimbo ndio uliofanya mapinduzi. Ukosefu wa kazi, bei ya chakula na chuki dhidi ya utawala wa Kiholanzi vilikuwa vimekwisha kuuandaa mji. Kazi ya ukumbi ilikuwa kuwakusanya watu wenye hasira moja chini ya paa moja, tena kwa gharama ya sherehe ya yule yule waliyemkasirikia. Wala taifa lililozaliwa usiku ule halikubaki upande wa wanyonge. Mfalme wake wa pili, Leopold, ndiye aliyeitwaa Kongo mwaka 1885.

Watawala walijifunza kutokana na Brussels. Verdi alipotaka kuonyesha kuuawa kwa mfalme wa Sweden, wakaguzi wa serikali ya Naples walikataa asionekane mfalme akiuawa jukwaani. Mwaka 1859 mchezo huo ukaonyeshwa Roma, na mfalme amegeuzwa kuwa gavana wa Boston, ng'ambo ya bahari, ambako kifo chake kisingempa mtu yeyote mawazo mabaya.

Opera ilifika Afrika ikiwa imevaa vazi la ukuu wa dola. Khedive Ismail wa Misri alijenga jumba la opera mjini Cairo, likafunguliwa Novemba 1869, mwezi ule ule wa kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Tarehe 24 Desemba 1871 ikaonyeshwa humo kwa mara ya kwanza Aida ya Verdi, juu ya Misri ya Mafarao, ikaimbwa kwa Kiitaliano. Jumba hilo lilikuwa sehemu ndogo tu ya matumizi makubwa yaliyoendeshwa kwa mikopo ya mabenki ya Ulaya. Mwaka 1875 Ismail aliuza hisa zake za Mfereji kwa Uingereza, mwaka 1876 akashindwa kulipa madeni, na mwaka 1882 majeshi ya Kiingereza yakaikalia nchi. Mkulima wa Misri aliyelipa kodi hakuwahi kuusikia wimbo wenyewe.

Ni kutoka Cairo hiyo hiyo ndipo inaposimuliwa kuwa muziki uliingia katika jumba la Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, anatajwa katika masimulizi ya wanataarabu kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi, kikaanza kikundi cha kuwaburudisha Sultani na wageni wake, kwa Kiarabu. Gharama ya starehe hiyo ilitoka kwenye karafuu, na karafuu ilitoka kwenye jasho la watumwa na vizazi vyao. Mwaka 1905 waungwana wa mjini waliunda chama chao cha Ikhwani Safaa. Wimbo ukatoka jumbani, lakini haukufika mbali.

Aliyeufikisha mbali ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, akaanza maisha akiuza vyungu, na alipohamia mjini akaimba kwa Kiswahili yale ambayo watu wa Ng'ambo waliyazungumza vibarazani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na mabepari wa kampuni za sahani, bila kukusudia ukombozi wa mtu yeyote, wakausambaza wimbo wake katika pwani yote. Wimbo wake maarufu juu ya muuaji aitwaye Kijiti ulisimulia kesi ambamo muuaji alitoroka na wanawake wakabebeshwa adhabu. Alikuwa akiimba nyumbani kwa matajiri na hata mbele ya Sultani, na wao ndio waliomlipa. Lakini watu wa chini nao walimsikia, na wakayaelewa maneno yake vizuri kuliko waliolipa.

Huku bara mambo yalikwenda kwa miguu na kwa reli. Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi za wakoloni, tarumbeta, gwaride na vyeo vyao. Dar es Salaam ikagawanyika katika Marini na Arinoti. Marini iliwavuta zaidi wenye elimu na hadhi ya mjini. Arinoti iliwavuta wapagazi na vibarua waliotoka bara. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Vita ya Kwanza ikawachanganya askari na wapagazi wa kila kabila.

Wapo wanaoicheka beni wakisema ni kasumba tu ya kuiga mzungu. Huo ni uchambuzi wa juujuu. Waliokuwa wakicheza ukapteni Jumapili walikuwa na orodha ya wanachama, ada na viongozi, walipokea wageni, waliuguza wagonjwa na kuzika wafu. Wakoloni waliona kilichokuwamo mapema kuliko baadhi ya wasomi wetu. Katika mgomo wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, vyama vya mbeni vilishukiwa kuhusika katika kuwaunganisha wafanyakazi.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, wanawake walikuwa wachache sana ndani yake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alianza kazi ya kuwaingiza. Hakuanza na vitabu vya nadharia. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, nao wakawaleta wanachama wao. Kwa muda wa miezi tu Chama kikapata maelfu ya wanawake wenye kadi. Kada anayefundisha historia ya TANU kwa kutaja mikutano ya viongozi wanaume peke yake anaacha nje mtandao mzima uliokuwa tayari umefumwa, kwa nyimbo, kabla Chama hakijazaliwa. Unguja nako, kikundi kilichokuja kuitwa Culture Musical Club kilitokana na vijana wa ASP mwaka 1958.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mlipaji akawa ni Chama chenyewe. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze Azimio, na Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, akatoa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano ambamo mjinga huuliza na mjuzi humwelimisha mpaka wote wakubaliane. Ngonjera zilienea kwa kasi, kwa kuwa mwalimu wa shule yoyote aliweza kuzifundisha bila gharama. Udhaifu wake ulikuwa ndani ya umbo lake. Mjinga hakuruhusiwa kushinda, wala kuuliza swali ambalo mjuzi hana jibu lake. Watoto waliimba juu ya vijiji vya ujamaa mbele ya wazazi waliokuwa wakijua ni trekta lipi limeharibika na ni pembejeo zipi zimechelewa. Wimbo ulishuka kutoka juu, lakini haukupanda na habari za chini. Haikuwa kosa la Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969 kabla hajaona matumizi mengi ya umbo lake. Mwaka 1982 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walichapisha Harakati za Ukombozi, mchezo wenye nyimbo unaouliza waziwazi uhuru ulimfikisha wapi mnyonge. Ulitungwa na wananchi walioamini ukombozi, na kwa sababu hiyo hasa ndiyo maana uliuliza.

Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, CCM iliunda Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba. Maigizo, kwaya, ngoma na taarabu vikawekwa pamoja kwa kazi ya Chama, na katika nyakati za uchaguzi sehemu kubwa ya nyimbo zake ilikuwa ya kusifu na kuwapiga vijembe wapinzani, kama ilivyotarajiwa kwa aliyelipwa kwa kazi hiyo. Halafu tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu akafariki mjini London. Kikundi hicho hicho kikaimba maombolezo, yakasikika redioni kutwa kucha, na watu wakalia barabarani na mashambani, pamoja na wale ambao kura zao zilikuwa zimekwenda kwingine.