Asili ya Neno "Bantu" katika Isimu

Istilahi nyingi za isimu zinazotumika katika Kiingereza zimechotwa kutoka Kigiriki na Kilatini. "Bantu" ni miongoni mwa chache zilizochotwa katika lugha za Afrika, nayo yastahili kuchunguzwa kwa makini.

Aliyeliasisi jina hili katika taaluma ni Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1827. Alipata shahada ya udaktari Bonn mwaka 1851, akafika Natal mwaka 1855, kisha akahamia Cape Town, alikofariki mwaka 1875. Katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862, alilitenga jina hilo sehemu mbili: Ba-ntu. Katika mgawanyo huo ndimo ilimo hoja yake. Wazulu husema umuntu na abantu. Waganda, omuntu na abantu. Waswahili, mtu na watu. Mzizi ni mmoja. Kinachobadilika ni kiambishi. Tukibadili ngeli, mzizi uo huo hutupa kitu, vitu na utu. Hata tusemapo "Wabantu" tunautaja wingi mara mbili, kwani wa- yetu na ba- yao asili yake ni moja.

Msingi wa jina, basi, ulikuwa ni sarufi. Lakini halikubaki humo. Nchini Afrika Kusini, utawala wa ubaguzi wa rangi ulilifanya kuwa jina rasmi la Waafrika, na Sheria ya Elimu ya Bantu ya mwaka 1953 iliwawekea watoto wao elimu duni. Neno lenye maana ya "watu" likatumiwa kuudunisha utu wao, na hadi leo wengi huko huliona kuwa ni tusi.

Kwetu pwani kosa limekuwa la namna nyingine: swali la lugha hugeuzwa kuwa swali la nasaba. Tulitazame neno "kitabu". Asili yake ni Kiarabu, lakini Kiswahili kiliisikia silabi yake ya kwanza kama kiambishi, kikaunda wingi wake, "vitabu". Neno ni geni. Kanuni iliyolipokea ni ya Kibantu.

Kwa hiyo, tusemapo kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu, tunaeleza jinsi kinavyoyapanga maneno yake. Hatujasema lolote juu ya mababu wa anayekizungumza, wala istilahi hii haina uwezo wa kutujibu swali hilo.