Vipimo vya Vinasaba vya Nyumbani na Haki ya Mtoto

Vifaa vya kupimia vinasaba (DNA) nyumbani huuzwa kwa njia ya intaneti na maabara za nchi za nje. Kwa kuwa simu imefika hata vijijini Nachingwea na Ruangwa, yafaa tueleze kile ambacho vifaa hivyo vinaweza kuthibitisha na kile kisichowezekana.

Kipimo chenyewe

Mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Kijiti chenye pamba hupanguswa ndani ya shavu, kisha maabara hulinganisha sehemu kadhaa za vinasaba. Nyingi zisipolingana, aliyepimwa si mzazi; zikilingana, uwezekano wa kuwa mzazi huzidi asilimia 99. Lakini sampuli ya nyumbani haina shahidi: maabara ya mbali haijui mate yale ni ya nani. Tena, pacha wa kufanana hawatofautishwi na kipimo cha kawaida.

Sheria ya nchi

Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imeweka shughuli hii chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia vyombo kama mahakama, ofisi ya ustawi wa jamii au wakili, na sampuli huchukuliwa mbele ya wahusika waliotambuliwa. Sheria ya Mtoto, ya mwaka huohuo, inairuhusu mahakama kuagiza kipimo. Njia hii humsaidia pia mama ambaye mwenzake amemkana mtoto na kukataa kutoa matunzo.

Sheria ya Kanisa

Kanuni ya 1138 yasema baba ni yule anayeonyeshwa na ndoa halali, isipokuwa kuwe na uthibitisho wa wazi wa kinyume chake. Kwa mtoto wa mama asiyeolewa, kanuni ya 877 inaagiza jina la baba liandikwe katika kitabu cha Ubatizo kwa hati ya serikali, au kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Mtoto hadaiwi cheti cha maabara ili abatizwe.

Ukoo na malezi

Kwa mila ya Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Kwa hiyo majibu ya maabara hayamtoi katika ukoo. Yanachoweza kumnyang'anya ni ada, chakula, na mtu aliyemzoea kumwita baba. Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu kimwili, lakini ndiye aliyempa jina na kumlea. Wala ubaba wake haukuwa wa bandia.

Ushauri wetu

Ukweli ni jambo jema, na mtoto ana haki ya kujua asili yake. Lakini kumpangusa mtoto kwa siri ili kumnasa mama yake ni kumfanya chombo cha ugomvi wa wakubwa. Mwenye shaka azungumze kwanza na mwenzi wake, na ikibidi na paroko. Shaka ikibaki, aende kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Na kabla ya kufungua bahasha ya majibu, wazazi wakubaliane nani atamlisha, kumsomesha na kumlinda mtoto huyo, majibu yawayo yote.