Pembe, Ungamo na Filamu: Ufipa na Waliotaka Kuumaliza Uchawi

Mtaje Mfipa mbele ya watu wa Dar es Salaam, na kabla hujamaliza maneno atatokea mtu wa kutaja radi. Mwingine atadakia na ungo. Sumbawanga, mji wa Wafipa, imebebeshwa sifa hiyo ya uchawi muda mrefu, hata watu ambao hawajawahi kuipita Tunduma wanaishi nayo kama jambo lililothibitishwa. Wachekeshaji wanaieneza, wasimuliaji wa hadithi za kutisha wanaieneza, na filamu za Kiswahili zimezoea kupanda nyanda za juu kusini kutafuta mizimu yao. Mussa Banzi, kwa mfano, aliipa mojawapo ya filamu zake jina la Kinyakyusa, lugha ya nyanda hizo: Nsyuka.

Wanazuoni wanatuonyesha Ufipa nyingine. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, aliwaweka Wafipa katika kitabu cha mwaka 1989 kuhusu jamii zinazoishi kwa amani. Swali lake lilikuwa ni kwa namna gani wakulima na wafua chuma wa uwanda wa Ufipa walijenga maisha ya utulivu katika karne ya 19, iliyojaa vita na misafara ya watumwa. Mtu anaweza kudhani kwamba lazima mmoja kati ya hao wawili, msomi au mchekeshaji, anasema uongo. Mimi sioni hivyo. Willis huyohuyo aliandika pia kuhusu uchawi wa Ufipa, na alichokiandika ndicho ambacho vichekesho vimekikosa: habari ya uchawi uwandani, kwa sehemu kubwa, ni habari ya watu waliojaribu mara kwa mara kuumaliza.

Majaribio hayo yalikuja kwa njia ambayo wasafiri wa leo wanaijua. Ukitoka Sumbawanga ukapita Matai, unafika Kasesya, mpakani. Ng'ambo ni Zombe, kisha Mbala ya Zambia. Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mpaka huo mwaka 1890, ukawagawa Walungu na Wamambwe, ambao hadi leo wana ndugu pande zote mbili. Miaka ya 1930, wakati Waingereza wakitawala kote kuwili, katika nchi za kusini mwa mpaka huo palizuka vijana waliovaa kizungu, wakitembea kijiji hadi kijiji na chupa za dawa. Watu waliwaita mchape.

Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyekuwa akiishi na Wabemba wa upande huo, aliwashuhudia na kuandika habari zao mwaka 1935. Walidai dawa yao imetoka kwa mtu aitwaye Kamwende, wa Mlanje huko Nyasaland, Malawi ya leo. Wanakijiji walipangwa mstari, kila mmoja akapita nyuma ya kijana aliyeshika kioo kidogo. Aliyeonekana kiooni kuwa mchawi alitakiwa kusalimisha pembe zake za dawa, kisha akanywa dawa pamoja na wenzake. Akiurudia uchawi baada ya hapo, ilisemwa, atavimba na kufa. Richards alizichunguza pembe zilizorundikwa njia panda, akakuta nyingi zilikuwa na dawa za kawaida zisizomdhuru mtu. Ugunduzi huo hunirudia kila ninaposikia habari za uchawi. Kijiji kizima kilikuwa kimetupa sanduku lake la dawa kikiamini kinatupa uovu, na kilifanya hivyo kwa moyo mweupe.

Dini nayo ilikuwa imekwisha kulima shamba hilo. Mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukapanda Ufipa hadi ukawa dini ya wengi. Ulikuja na ubatizo na kitubio: taja dhambi, uondolewe, uanze upya. Upande wa Mbala, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wahubiri wa Watchtower, akiwemo Hanoc Sindano, walitangaza kwamba mwisho wa dunia hii umekaribia. Ukiyaweka haya kando ya mchape utaona kiu ileile. Hata vijana wa chupa walihubiri kwanza, ndipo wakanywesha. Msomi huita hali hiyo dalili ya jamii iliyotikiswa na kodi, kazi za migodini na kuvunjika kwa mamlaka ya wazee. Padri huiona kama ushirikina unaoigiza sakramenti. Mwanakijiji alitaka tu watoto wake waache kufa.

Isidhaniwe kwamba utakaso wote ulikuwa wa upole. Mwaka 1925, Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alitumia ubatizo wa kuzamisha kuwabaini wachawi huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na Katanga ya Kongo, na aliowabaini waliuawa. Alinyongwa mwaka 1926. Hofu ya serikali za kikoloni haikuwa ya bure. Ila sheria zao, ya 1914 upande wa Rhodesia na ya 1928 upande wa Tanganyika, zilimtisha pia anayemtaja mchawi, na wengi vijijini walielewa kwamba mzungu anawalinda wachawi. Mchape akawa msaada uliobaki.

Naye mchape alirudi. Mwaka 1963 na 1964, Tanganyika ikiwa huru, Willis alimwona huko Ufipa kwa jina la kamchape, na mwaka 1968 akachapisha makala yake. Kioo kilikuwepo, dawa ikiingizwa kwa chale. Aliuona ugomvi wa rika: vijana wakisimama, wazee wakitajwa. Hata hivyo aliyetajwa, akishachanjwa, alibaki kijijini akiwa amesafishwa.

Hapo ndipo ninapoilaumu filamu. Mchawi wa filamu zetu, mara nyingi bibi kikongwe, hana njia ya kurudi. Mchungaji anakemea, mchawi anaanguka, familia inashangilia, filamu imekwisha. Mchape aliamini uchawi kuliko mtunzi yeyote wa filamu, lakini alimwachia mtuhumiwa nafasi ya kulima tena kando ya jirani yake. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, hasa Kanda ya Ziwa, mwisho wa aina hiyo si burudani tupu. Unamfundisha mtazamaji kwamba tiba ya mchawi ni kutoweka. Hata kikombe cha dawa cha Loliondo cha mwaka 2011, cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kilikuwa na mapungufu yake mazito kwa wagonjwa walioacha dawa za hospitali, lakini kwa shilingi 500 hakikumnyooshea mtu kidole.

Wasomi nao wana la kujibu. Ni rahisi kuandika kuhusu dalili ukiwa nje ya mstari wa kioo. Willis alilihisi hilo. Uzeeni alirudi kwa Walungu, upande wa Zambia, kujifunza uganga wa pepo wa ngulu, na katika kitabu chake cha mwaka 1999 alieleza yaliyompata yeye mwenyewe katika ngoma zao. Wenzake wengine hawakupendezwa. Mimi naheshimu kwamba alikubali kuingia uwanjani.

Miaka ya karibuni magazeti yameandika tena kuhusu kamchape, au rambaramba, vijijini Kigoma na Rukwa. Wanaingia nyumba za watu, wanafukua sakafu, wanatoa pembe wanazodai wamezikuta, kisha wanadai fedha. Polisi wanawakamata, na wapo wanakijiji wanaowatetea. Jina ni la zamani. Kilichopungua ni ile sehemu ya pili ya kazi, ya kumrudisha mtuhumiwa kwa jirani zake, na sijaona kanisa, chuo wala mtunzi wa filamu aliyejitokeza kuidai.