Vijidudu vya vumbi la jangwani

Vijidudu vya vumbi la jangwani ni bakteria, kuvu na virusi vinavyonyanyuliwa na upepo pamoja na udongo mkavu, vikasafiri angani na kuingia katika pumzi za watu, pengine mbali sana na jangwa lenyewe. Vumbi hilo hutoka hasa Sahara, Uarabuni, Asia ya Kati na kusini-magharibi mwa Marekani. Chimbuko lake mashuhuri ni Bodélé, bonde la kaskazini mwa Chad lililokuwa kitako cha ziwa. Upepo hubanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, ukatoka kwa kasi na kukwangua ardhi iliyojaa magamba ya diatomu, mwani wa maji baridi. Kinachopaa pale ni mabaki ya ziwa.

Charles Darwin alilishika vumbi la namna hiyo mkononi. Januari 1832, meli ya Beagle ilipotia nanga Cabo Verde, hewa ilikuwa na ukungu wa unga laini wa hudhurungi, uliofikia hata kuharibu kidogo vyombo vya kupimia nyota. Darwin alikusanya ule ulionaswa na kitambaa chepesi cha kionyesha upepo juu ya mlingoti, akampelekea mwanasayansi Christian Gottfried Ehrenberg huko Ujerumani. Katika vipakiti vitano alivyopelekewa, Ehrenberg alihesabu aina 67 za viumbe na mabaki yao. Vile vijidudu vyenye magamba, isipokuwa aina mbili tu, vilikuwa vya maji baridi, ingawa vumbi lilipatikana baharini.

Mchanga wa chembe kubwa haufiki mbali. Kinachosafiri ni unga wa chembe za mikromita chache, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Unga wa Sahara huvuka Atlantiki hadi Karibi kwa muda wa juma moja hivi. Njiani vijidudu vingi hufa kwa ukavu na mionzi ya urujuanimno, lakini wingu zito hujitilia kivuli lenyewe, na bakteria wa jamii ya Bacillus hujifungia ndani ya spora ngumu. Hata wafu wana madhara: kuta za baadhi ya bakteria zina endotoksini, sumu inayovimbisha njia za hewa hata mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Hata hivyo, kukuta kijidudu ndani ya vumbi hakutoshi kukitia hatiani, na hapa ndipo habari nyingi za magazeti huteleza. Hatia imethibitika wazi katika koksidioidomaikosisi, ambayo watu wa California na Arizona huiita homa ya bonde, kwa kulitaja Bonde la San Joaquin la California. Kuvu ya Coccidioides huota ardhini kama nyuzi wakati wa mvua. Kiangazi nyuzi hukauka na kukatika vipande mfano wa mapipa, kila kimoja mikromita 3 hadi 5, kiasi cha kupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Humo kipande huvimba kuwa tufe lenye mamia ya vijitufe. Likipasuka, kila kijitufe huanza upya. Zaidi ya nusu ya walioambukizwa hawaugui. Waliobaki hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na uchovu wa majuma mengi, na kwa wachache kuvu husambaa hadi kwenye mifupa au utando wa ubongo. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake kwa kukohoa.

Tarehe 20 Desemba 1977 upepo mkali ulikwangua wilaya ya Kern, kusini mwa Bonde la San Joaquin. Vumbi lilifika Sacramento, kilomita zipatazo 400 kaskazini, nje ya eneo la kawaida la kuvu hiyo, na majuma yaliyofuata wagonjwa wakaanza kujitokeza huko. Mwaka 1994 tetemeko la ardhi la Northridge, California, liliporomosha vilima na kutimua vumbi. Katika wilaya ya Ventura waliugua watu 203, wakafa 3. Dawa ya vumbi ilijulikana zamani: wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Charles E. Smith alishauri viwanja vya ndege za kijeshi vya bondeni vioteshwe nyasi, na maambukizi yakapungua.

Homa ya uti wa mgongo katika Sahel ni kisa kingine kabisa. Milipuko huja msimu wa harmattan, upepo mkavu wenye vumbi, na hukatika mvua zikinyesha. Lakini bakteria wake, Neisseria meningitidis, huishi kooni mwa binadamu na hupita kwa mate na makohozi; haletwi na vumbi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ukavu na vumbi huchubua utando wa pua na koo, na bakteria aliyekuwa ametulia akapata upenyo. Chanjo ya MenAfriVac, iliyoanza kutolewa 2010, imekaribia kuifuta aina A ya ugonjwa huo, na harmattan bado inavuma vilevile.

Kuhusu pumu, ushahidi unapingana. Utafiti wa Trinidad uliochapishwa 2005 ulihusisha vumbi la Sahara na watoto kukimbizwa hospitali. Ule wa Barbados wa 2008 haukuona uhusiano huo.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamo sasa katika eneo la homa ya bonde: familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zimehamia Phoenix na Tucson, miji ya Arizona. Dalili za homa hiyo hufanana na nimonia ya kawaida, lakini antibiotiki haziui kuvu; dawa itumiwayo sana ni flukonazoli. Mtu aliyeishi au kupita Arizona, akishikwa na kikohozi kisichosikia dawa, amtajie daktari safari hiyo na aombe kipimo cha damu cha kuvu.