Lady on a Train

Lady on a Train ni filamu ya Marekani ya mwaka 1945 inayochanganya upelelezi na vichekesho, iliyoongozwa na Charles David kwa kampuni ya Universal. Nikki Collins (Deanna Durbin), mpenzi wa riwaya za upelelezi, yumo ndani ya treni jijini New York wakati wa Krismasi anapoona kupitia dirishani mtu akiuawa. Polisi hawamwamini, naye anamwandama mtunzi wa riwaya hizo, Wayne Morgan (David Bruce), amsaidie. Utamu wenyewe umo nyumbani kwa marehemu: Nikki anadhaniwa kuwa mwimbaji wa klabu aliyeachiwa urithi. Mwigizaji Dan Duryea anaigiza kwa ustadi mkubwa mhusika anayetiliwa mashaka. Filamu iliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya kurekodi sauti.